Dira ya kampuni ya watu wawili

Swali: Mimi na mwenzangu tunafungua kampuni ya kuwatunzia wafanyabiashara wadogo vitabu vya hesabu: mauzo, matumizi, madeni, kodi. Fomu ya mkopo inatutaka tuandike dira na dhamira. Tumeandika hivi: "Kuwa kampuni inayoongoza katika utoaji wa huduma bora, bunifu na za kisasa za kihasibu kwa kuzingatia weledi, uadilifu na kuridhika kwa mteja." Mwenzangu anasema imekamilika. Mimi nikiisoma naona kama si yetu, ila sijui kasoro iko wapi. Tuirekebishe vipi? Na kampuni ya watu wawili inahitaji dira kweli, au ni pambo la fomu tu?

Jibu: Umeisoma vizuri kuliko mwenzako. Chukua hiyo sentensi, futa neno "kihasibu", weka "ulinzi". Haijatikisika. Weka "usafirishaji", weka "tiba ya meno". Bado imesimama. Hiyo ndiyo kasoro uliyoihisi ukakosa jina la kuiita: sentensi haina mwenyewe. Mtu anayefungua kampuni ya kufua nguo anaweza kuichukua kesho asubuhi akabadilisha neno moja tu, na mteja wake asigundue.

Sasa igeuze. Andika kinyume chake: "Kuwa kampuni ya nyuma inayotoa huduma mbovu na za kizamani, bila weledi wala uadilifu." Yupo mtu mwenye akili timamu anayeweza kuichagua hiyo? Hayupo. Basi na ninyi mlipoandika ile ya kwanza hamkuchagua kitu. Uchaguzi huonekana pale tu ambapo mtu mwingine, mwenye akili na nia njema, angeweza kushika upande wa pili. Likumbuke jaribio hili la kinyume. Nitalirudia, maana kwa kazi yenu litafichua jambo ambalo nadhani ninyi wawili hamjalizungumza.

Kwanza tumalizane na maneno mliyoyatumia. "Kuongoza" ni cheo, na cheo hicho kinawahusu ninyi. Mteja wenu, yule anayekaa usiku na rundo la risiti zilizofifia wino, anapata nini ninyi mkiwa wa kwanza? Tena wa kwanza kwa kipimo gani: idadi ya wateja, mapato, sifa? Nimekaa na wakurugenzi wa kampuni moja siku nzima wakibishana kama waandike "kinara" au "inayoongoza", na hadi tunafunga kikao hakuna aliyeuliza mteja atakuwa na nini mkononi ambacho leo hana.

"Weledi" na "uadilifu" ni maneno ya heshima, lakini mtunza vitabu asiye nayo hastahili kufungua mlango. Ni masharti ya kuingia kazini, hayaonyeshi mnakoelekea. Ninyi ni watu wa hesabu, mnaijua Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani. Tunu zake nne rasmi zilikuwa heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora. Desemba 2001 iliomba kinga ya kufilisika baada ya kubainika kwamba madeni yake mengi yalikuwa yamefichwa nje ya vitabu, na Arthur Andersen waliokuwa wakaguzi wake, moja ya kampuni tano kubwa za ukaguzi duniani wakati huo, wakazama nayo. Sisemi kwamba anayeandika "uadilifu" anapanga wizi. Nasema neno hilo halikumzuia mtu yeyote kufanya chochote, na neno lisilozuia kitu ni la kufutwa.

Halafu kuna hili la lugha, ambalo washauri wengi hawaligusi. "Katika utoaji wa huduma": kitenzi kimegandishwa kikawa nomino. Utoaji, uboreshaji, uendelezaji, uwezeshaji. Ukiona maneno ya namna hiyo yamefuatana, jua hakuna mtu anayetenda ndani ya sentensi, na mara nyingi imetungwa kwa lugha nyingine kisha ikafasiriwa. Dira iandikeni kwa lugha mnayozungumza na mteja. Mkianza na lugha ya ripoti, itabaki na harufu ya ripoti.

Sasa, dira ni nini hasa? Kabla haijawa neno la semina, dira ni kile chombo cha baharia chenye sindano inayoelekea kaskazini. Napenda kuirudia asili hiyo kwa sababu nahodha hatazami dira ili afike kaskazini. Huitazama ili ajue amekengeuka kiasi gani. Dira ya biashara nayo inafanya kazi siku mnapokengeuka, au mnaposhawishiwa kukengeuka. Siku nyingine zote imelala.

Kwa umbo, ni maelezo ya hali mnayotaka kuiona ikiwa kazi yenu itafanikiwa. Mfano ninaoupenda ni wa Microsoft, iliyoanzishwa mwaka 1975 na Bill Gates na Paul Allen. Walitaka kuona kompyuta juu ya kila meza na katika kila nyumba. Wakati ule kompyuta kwa watu wengi ilikuwa mashine ya serikali, chuo kikuu au kampuni kubwa, na kuiweka sebuleni lilikuwa wazo la ajabu. Angalia mambo mawili. Katika umbo lake linalotajwa sana, jina la kampuni halimo. Na wao hawakuwa wakiuza kompyuta, waliuza programu. Walieleza dunia ambayo ndani yake programu zao zingehitajika, wakaiacha bidhaa yenyewe nje ya sentensi. Uzuri mwingine ni kwamba inakaguliwa kwa macho: ingia ofisini, tazama meza, ipo au haipo. "Huduma bunifu" utaikagua kwa macho gani?

Sentensi ile ilizeeka pia, na si aibu. Kompyuta zilipofika mezani, kisha zikahamia mifukoni, haikuwa na la kumwambia mfanyakazi tena. Satya Nadella alishika uongozi mwaka 2014, na mwaka uliofuata kampuni ikatangaza tamko jipya, la kumwezesha kila mtu na kila taasisi duniani kufanikisha zaidi. Kwa maoni yangu hili la pili ni dhaifu kuliko la kwanza: ukiingia ofisini huwezi kuliona. Kampuni kubwa ikishakuwa na bidhaa za kila aina hulazimika kusema kwa ujumla namna hiyo. Ninyi hamlazimiki. Udogo unawapa nafasi ya kusema jambo moja.

Watu huchanganya dira na lengo, na mfano unaotajwa kila semina ni wa Rais Kennedy. Tarehe 25 Mei 1961 aliliambia Bunge la Marekani kwamba kabla ya muongo ule kwisha nchi yake impeleke mtu mwezini na kumrudisha salama. Julai 1969 ikawa. Ni kauli iliyo wazi ajabu, lakini lile lilikuwa lengo, lenye tarehe na mstari wa kumalizia. Lengo likitimia linakufa. Desemba 1972 watu wa mwisho waliondoka mwezini, na safari za watu kwenda huko zikasimama kwa miongo mingi, kwa kuwa kazi iliyotajwa ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo "kufikisha wateja 500 ndani ya miaka mitatu" wekeni kwenye malengo. Ni sentensi nzuri, ila mkifika wateja 500 itawaacha njiani.

Dhamira, ambayo wengine huiita dhima, nitaipita haraka: ni kazi mnayoifanya leo, mnaifanyia nani, na kwa njia gani. Mtunza vitabu anaweza kuiandika kwa dakika kumi. Msigombane juu ya majina haya. Fomu moja itasema dira, nyingine maono, nyingine itachanganya vyote kwenye kisanduku kimoja.

Sasa nije kwenye swali lako la pambo, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloonyesha namna ya kuandika. Mwaka 1955 Akio Morita, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Kijapani ya Sony, alikuwa Marekani akitafuta wanunuzi wa redio ndogo ya transista. Kampuni yake wakati huo bado iliitwa Tokyo Tsushin Kogyo, na neno Sony lilikuwa nembo tu kwenye bidhaa, likawa jina la kampuni mwaka 1958. Kwa jinsi Morita alivyosimulia mwenyewe, kampuni ya saa ya Bulova ilitaka redio 100,000 kwa sharti moja: ziuzwe kwa jina la Bulova. Kwa kampuni changa ile ilikuwa oda ya kuokoa maisha, na wenzake Tokyo walimtaka aikubali. Aliikataa. Wakati ule bidhaa za Japani zilidharauliwa nchi za nje kama vitu vya bei rahisi visivyodumu, na nia inayonukuliwa kuwa ya Sony ya miaka ile ni kuwa kampuni itakayojulikana zaidi kwa kuigeuza sifa hiyo duniani. Ukiisoma nia hiyo kisha ukaitazama oda ya Bulova, jibu liko wazi: redio 100,000 zenye jina la mwingine hazigeuzi sifa ya mtu yeyote. Bila nia hiyo, kuikataa ni wazimu.

Hiyo ndiyo kazi ya dira. Inawapa sababu ya kukataa fedha nzuri. Kwa hiyo ukiandika dira, jiulize: inatukataza nini? Ile yenu ya kwanza haiwakatazi chochote. Akija mtu anayetaka ukaguzi wa kampuni kubwa, ni "huduma bora za kihasibu", pokeeni. Akija anayetaka mafunzo ya kompyuta, yatakuwa "ya kisasa", pokeeni. Mtaka yote hukosa yote, na kampuni ya watu wawili hukosa mapema zaidi, kwa kuwa ina mikono minne tu.

Basi tuandike. Msianze na sentensi. Kila mmoja wenu akae peke yake, bila kumwonyesha mwenzake, aandike ukurasa mmoja kuhusu mteja mmoja, siku moja, miaka kumi kuanzia leo. Anaamka, anafungua biashara, anauza, anafunga. Hesabu zinaingia wapi katika siku yake? Anashika nini, anaona nini, ninyi mko wapi? Andikeni mambo madogo. Kama ukurasa wako una neno "ufanisi", umetoroka kazi.

Kisha badilishaneni. Pale kurasa zenu zinapokubaliana, furahini na mpite. Pale zinapogongana, kaeni hapo mchana mzima, kwa sababu ndipo kampuni yenu ilipo. Nitakisia mgongano wenyewe, na hapa lile jaribio la kinyume linarudi. Mmoja wenu ataandika kwamba jioni mteja anafunga duka, anatazama simu, anaona leo amepata faida kiasi gani, nani anamdai, kodi imefikia wapi, na anaelewa anachokitazama. Mwingine ataandika kwamba mteja hahangaiki na hesabu kabisa. Ametupa risiti kwenye mfuko, ninyi mmezichukua, yeye amelala usingizi, ritani za kodi zimekwenda kwa wakati, na akitaka kujua lolote anawapigia.

Zote mbili ni picha nzuri. Mtu mwenye akili anaweza kuchagua yoyote. Lakini ni kampuni mbili tofauti. Ya kwanza inamfanya mteja ajue hesabu zake, na ikifanikiwa sana huenda siku moja asiwahitaji kwa kazi ndogo ndogo. Ya pili inambebea mzigo, na kadiri siku zinavyokwenda ndivyo anavyozidi kuwategemea. Ya kwanza inataka programu rahisi ya simu na mtu mwenye subira ya kufundisha. Ya pili inataka makarani wengi wenye kasi na umakini, na makabati ya kuhifadhi stakabadhi za watu. Mkimwajiri mtu wa tatu, kampuni ya kwanza itamtafuta mwalimu, ya pili itamtafuta karani. Hata bei inabadilika. Mwenzako anaposema dira imekamilika, yawezekana anaiona kampuni ya pili kichwani wakati wewe unaiona ya kwanza, na ile sentensi ya "huduma bora" imewafunika wote wawili kwa shuka moja.

Sitawachagulia. Lakini tuchukue kwamba mmekubaliana na ile ya kwanza, nikuonyeshe namna sentensi inavyochongwa. Jaribio la mwanzo: "Mfanyabiashara mdogo asifunge biashara kwa kutojua hesabu zake." Ni kweli na inauma, ila inaeleza balaa la kuepukwa, haielezi hali ya kufikiwa. Mfanyakazi wenu akiisoma atajua anachokiogopa, hatajua anachokijenga. La pili: "Mwenye biashara azijue hesabu zake kama azijuavyo sura za wanawe." Tamu, lakini hii ni kaulimbiu. Ipelekeni kwenye kibao cha nje. Uzuri wake unaficha kwamba haielezi atazijua lini, kwa kiwango gani. La tatu: "Kila mwenye biashara ndogo anajua, kila jioni, kama siku yake imemletea faida au hasara."

Hii ya tatu ningeipigania. Haina sifa hata moja, ina kitenzi kilicho hai, "anajua", na mtendaji wake ni mteja. Na tazama maneno mawili "kila jioni" yanavyofanya kazi peke yake. Ripoti ya mwisho wa mwezi haitoshi tena. Mteja lazima aingize mauzo siku hiyo hiyo, kwa hiyo njia ya kuingiza iwe nyepesi hata kwa mtu aliyechoka. Lugha ya ripoti iwe yake: mkimpelekea mizania yenye maneno ya chuoni, hajui kitu, na dira yenu imeshindwa jioni hiyo. Na akija mtu anayetaka mumtunzie vitabu viwili, kimoja cha kwake na kimoja cha kuwaonyesha watu wa kodi, mnaona bila kikao kwamba mtakuwa mnatengeneza uongo mahali mlipoahidi ukweli. Neno "uadilifu" halimo kwenye sentensi, lakini kazi yake imefanyika.

"Kila" ya mwanzo ina tatizo dogo: kila mwenye biashara ndogo wa wapi? Mkitaka kupunguza eneo, punguzeni, hata kwa aina moja ya biashara. Mimi ningeliacha kubwa. Dira inaruhusiwa kuwa kubwa kuliko waandishi wake, ilimradi iwe ya jambo moja. Jim Collins na Jerry Porras, watafiti wa biashara wa Marekani, katika makala yao ya mwaka 1996 kuhusu dira za makampuni, waliliwekea lengo kubwa la mbali, ambalo kwao ni sehemu ya dira, muda wa miaka 10 hadi 30. Kwa watu wawili wanaoanza, miaka kumi inatosha. Zaidi ya hapo mtakuwa mnaandika ndoto za wajukuu.

Mkiipata, ijaribuni nje. John Kotter, profesa wa Harvard, aliandika mwaka 1995 kwamba kama huwezi kumweleza mtu dira yako kwa dakika tano au chini ya hapo, naye akaonyesha kwamba ameelewa na amevutiwa, kazi haijaisha. Mimi naongeza usiku mmoja katikati. Mwelezeni mtu asiyejua uhasibu, kesho yake mwombeni aielezee kwa maneno yake. Akirudi na "mnataka watu wajue faida yao kila siku", imefika. Akirudi na "mnataka kuwa bora", rudini mezani.

Kuhusu fomu ya mkopo, nikwambie ukweli: anayeamua hawapi fedha kwa sababu ya dira. Anatazama mtiririko wa fedha, dhamana, na kama mmewahi kulipa madeni yenu. Lakini anayesoma kwa makini atalinganisha dira na makisio ya mapato, na hapo ndipo waombaji wengi hujikwaa. Dira inayosema kila mwenye biashara ndogo inadai makisio yenye wateja wengi wanaolipa kidogo kidogo. Mkiweka mapato yanayotoka kwa wateja watatu wakubwa, mmejipinga ndani ya ukurasa mmoja, na atajiuliza ni kipi mnachokiamini. Hakikisheni mchanganuo wenu wa biashara unaonyesha gharama ya kuhudumia mteja mdogo kila siku. Ikizidi anacholipa, bora mlijue sasa.

Na je, mnaihitaji? Kibao cha dira ukutani, watu wawili hawakihitaji. Yale mabishano ya kurasa mbili mnayahitaji sana, na kuyafanya sasa ni rahisi kuliko kuyafanya mkiwa na deni na mfanyakazi wa kwanza anayesubiri mshahara. Jioni tatu au nne zinatosha. Zikizidi hapo, mnakwepa kutafuta wateja. Iandikeni kwa kalamu ya risasi, mkishahudumia wateja ishirini muisome tena pamoja, mkiwa na ushahidi wa watu halisi: wanafungua ripoti jioni, au wanaipuuza na kusema "ninyi nishughulikieni tu"? Kama wote wanasema hivyo, huenda mwenzako aliiona kampuni sahihi na wewe ndiye wa kuhama upande.

Fomu ikiwa na kisanduku cha mistari mitano, jazeni mmoja, mingine iacheni tupu.